Ukaa Usiokaa

Mieres, mwezi wa Machi. Mvua ya Asturia, nyembamba,
haikusudii kunyesha wala kuacha.
Daktari Olabarri kaniwekea karatasi mapajani:
"Figo zako mbili ukizijumlisha hazifiki robo ya moja.
Nataka kuona mishipa kabla hatujaanza kukusafisha damu.
Rangi ya iodini itamaliza kilichobaki.
Tutatumia gesi."
"Gesi gani?"
"Hewa ukaa."

Nikaomba viatu vyangu.

Mtu aliyechimba makaa miaka thelathini na moja
haambiwi jina hilo akiwa ndani ya gauni la karatasi.

Sisi tuliiita hewa mfu.
Haina harufu, haina rangi, haina haya.
Hujilaza chini kwenye mashimo ya zamani
kama mbwa asiyebweka.
Tuliteremsha taa kwa kamba:
mwali ukifika usawa wa magoti ukasinyaa,
ukawa uzi, ukawa si kitu,
tulirudi nyuma bila kuulizana.
Nel Quirós hakuteremsha taa.
Aliinama kuokota nyundo.
Kuinama tu.
Tulimkuta kifudifudi, mpini kiganjani,
uso umetulia kama wa mtu aliyesamehewa deni.

"Na hiyo ndiyo mnataka kunitia mshipani?"

Daktari hakucheka. Akavuta kiti.
"Unaitoa sasa hivi, mzee Belarmino,
pamoja na kila neno unalonifokea.
Damu inaijua. Tangu ulipozaliwa inaichukua
kila kona ya mwili na kuipeleka mapafuni,
bila ujira, bila likizo.
Nitaongeza vijiko viwili. Itafuata njia ileile."
"Mapafu yangu yana vumbi."
"Kwa vijiko viwili, yanatosha."

Zimwi linijualo, nikawaza,
huenda lisinile likanimaliza.
Nikavua viatu.

Senén, fundi wa eksirei, mtoto wa mchimbaji mwenzetu,
alijaza bomba, akalimwaga, akajaza, akamwaga,
mara tatu, kama mtu anayesuuza kikombe cha mgeni.
"Unaogopa nini humo?" nikamuuliza.
"Hewa."
"Hewa ipi?"
"Hii. Tunayoivuta mimi na wewe.
Ikiingia kwenye mshipa haiyeyuki. Hukaa.
Ukaa haukai."

Nikalirudia hilo kimoyomoyo,
ulimi ukakataa kuliamini.

Mkono wangu wa kushoto wakauinua juu ya mto,
kwani gesi, walisema, itapanda.
Shimoni huzama. Kwenye damu huelea.
Miaka yote ile nilikuwa naijua upande mmoja.

"Usipumue," Senén akasema nyuma ya kioo cha risasi.
Kutopumua najua. Ndiyo elimu yangu.

Sikuungua. Ni msukumo tu,
kidole gumba cha mtu asiyeonekana
kikipanda kiwiko, kikipita kwapa.
Na kwenye skrini mashine ikaondoa mfupa,
ikaondoa nyama, ikabakisha njia tupu:
handaki kuu, vichochoro vyake,
vali zimejipanga kama milango ya kuzuia upepo.
Nimesoma ramani kama hizo kwa mwanga wa kofia.

"Hapo pameporomoka," nikasema
kabla daktari hajafungua kinywa.
Chini ya mtulinga, pale waliponitia mrija mwaka jana,
njia kuu imebanwa ikawa uzi.
"Umeona vizuri," akasema. "Basi tutatumia wa kulia."

Wa kulia. Mkono wa nyundo.

Nilitaka kuangalia tena. Hapakuwa na kitu:
barabara zote zilikwisha kufutika,
damu imerudi mahali pake bila kinyongo.
"Pumua," Senén akasema.
Nikatoa pumzi polepole, nikiisikiliza ikienda,
nisijue ni ipi kati yake iliyokuwa ya chupa
na ipi niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Usiku huo niliinama kando ya kitanda kuokota kiatu,
nikagundua nimebana pumzi.
Nimeinama hivyo miaka ishirini na sita.

Nikakaa hapo hapo chini, kiatu mkononi,
nikapumua.