Kamba ya Vizibo

Kamba ni ya bluu, ya kuanikia nguo,
nimeinunua kwa pauni moja.
Vizibo nimeviokota nje ya baa, Jumapili asubuhi,
Doncaster ikiwa imelala na viatu.

Kipimo sikuwa nacho.
Nikampigia Yasinta, Babati,
akaishusha kamba ya marehemu mama,
akaipima kwa rula ya mwanawe, rula fupi ya shule,
akinihesabia kwenye simu:
thelathini, thelathini, kumi.
Kizibo.
Thelathini, thelathini, kumi.
Kizibo.
Hadi bando lake likaisha.

Basi nimeivuta kati ya vigingi viwili
kwenye kijishamba cha kukodi nyuma ya reli.
Penye kizibo, jembe: shimo la kina cha kiganja,
samadi konzi moja, mbegu tatu.
Pasipo kizibo, jembe halina ruhusa.

Jirani yangu Maureen Womersley ana mashine.
Inanguruma tangu saa tatu,
inaugeuza udongo kama chapati,
upande huu, upande ule,
nyungunyungu wanatoka vipande.
"Umesahau kulima," akaniambia juu ya uzio.
"Nimelima," nikasema, "panapohusika."

Mabua ya kutandaza sina.
Nina maboksi ya ghala ninakokesha zamu.
*Upande huu juu*, yameandikwa.
Nimeyalaza kifudifudi.

Sitadanganya: konokono uchi walishukuru.
Maharage ya kwanza waliyamaliza hadi vikonyo.
Na mahindi, jua la huku halikuyatosha,
yakabeba magunzi yenye mapengo
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini Julai mvua iligoma,
kampuni ya maji ikapiga marufuku mipira,
na kwa Maureen ardhi ikapasuka
nyufa za kuingia kidole.
Alikuja bila hodi.
Akainua boksi moja,
akatia mkono chini yake,
akauacha humo muda mrefu
kama anayempima mtoto homa.
Kisha akauliza: "Kwa nini sabini?"

Kwa nini sabini.
Sikuwahi kumuuliza mama.
Labda ni hatua yake.
Labda ni bwana shamba mmoja
aliyepita mara moja na pikipiki, asirudi.
Labda vizibo vilikuwa vichache
na kamba ndefu, akagawa.
Nilimjibu Maureen kwamba sijui.
Akaniomba ncha moja ya kamba, aishike.

Jana Yasinta amenipa jipya.
Siku ile, kabla ya kupima,
alianza kwa kuanua nguo.
Shambani anakodi trekta siku hizi,
kamba ya mama iko uani, inaanikiwa.
Inafaa sana, anasema, haikatiki,
ina shida moja tu:
vizibo vinaacha kutu
mabegani mwa mashati.