Pumzi za Saa Nane

Barka, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Kipimo ukutani kinasema arubaini na sita,
lakini kipimo hakijui unyevu wa pwani hii:
hewa kama taulo lililochovywa maji ya moto,
ukafunikwa nalo uso, ukaambiwa, haya, vuta.

Navuta.
Mashine inanguruma kando ya kitanda.
Mpira wake umenipanda masikioni, umeshuka puani,
na Bi Ghaniya hunitania kila akiunyoosha:
"Safari hii nimekuoa mimi.
Wewe ndiye uliyevaa kipini."

Miaka thelathini na minane nilikoroga halua.
Sufuria la shaba, mwiko ulionishinda kimo,
samli, iliki, zafarani, maji ya waridi,
na chini yake kuni za mgunga
zikinisemesha machoni, zikinishukia kifuani.
Watu walikula utamu, mimi nikala moshi.
Silalamiki. Moshi ule ulisomesha watoto watano.
Daktari wa Rustaq aliinua picha ya mapafu yangu kwenye taa,
akauliza: "Ulivuta sigara ngapi kwa siku?"
Hata moja, daktari.
Nilivuta harusi za watu.
Nilivuta Idi zote.

Siku hizi nyumba yetu haifukizwi.
Chetezo kimelala kabatini ndani ya kanga iliyochakaa,
na mgeni aliyekuja na udi kwenye kanzu
hukaa karibu na mlango, akinukia, akiomba radhi.

Rayya, muuguzi avaaye saa ya kiume,
ndiye aliyenirudisha chuoni kwa umri wa miaka sabini na mmoja:
ingiza kwa pua, moja, mbili;
toa kwa midomo, kama unayepoza chai,
moja, mbili, tatu, nne.
Maji unywe kidogo kidogo. Dawa usiiache kwenye jua.
"Na mchana usitoke, mzee. Mlimau ukiona kiu, na usubiri.
Pumzika."
Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote
bila kuona kwamba limebeba pumzi tumboni.

Leo umeme umekatika.
Kiyoyozi kilishusha pumzi ya mwisho,
mashine ikalia mlio mmoja mrefu,
kisha kimya, na joto likaingia bila hodi.
Nikaanza kutweta. Roho ikapanda, ikakaa hapa.
Bi Ghaniya hakukimbia.
Alichukua mtungi mdogo wa akiba,
akauburuta uani kama mbuzi mkaidi,
akaliwasha gari, akarudi kunichukua,
hatua tatu, tusimame, hatua tatu.

Usukani ulikuwa unaunguza, akaushika kwa ncha ya mtandio.
Ubaridi ukaanza kututoka kwenye matundu, kwanza vumbi, kisha neema.
"Twende wapi?" akaniuliza, na gari halijatingishika.
Salala, nikasema kwa mkono, maana sauti sikuwa nayo.
Kule sasa kuna ukungu na manyunyu, na ng'ombe wanazagaa barabarani.
"Haya. Nizwa hii hapa. Ingiza."
Nikaingiza.
"Toa polepole, mpaka Adam."
Nikatoa.
"Sasa jangwa, hakuna kitu, usitazame. Hayma.
Mafuta tunayo. Ingiza."
Jasho likaanza kunikauka shingoni.
Vidole vyangu vilivyokuwa rangi ya zambarau
vikarudi kuwa vidole vya mtu.

Ndipo taa ya kibarazani ikawaka.
Nikaiona. Na yeye aliiona,
nilimwona akiiona kwenye kioo.
Ndani, mashine ilikuwa imeanza tena kunguruma, ikiniita.
Bi Ghaniya akakaza mtandio kwenye usukani,
macho mbele, ukutani kwa jirani.
"Tulia," akasema. "Bado Thamrit.
Halafu tunateremka mlima."