Kituo cha Nne

Saa moja kamili, stendi ya Lushoto. Ukungu
bado haujaamua kama unapanda au unashuka.
Wageni wangu sita, wote wa benki moja ya Dar,
viatu vyeupe kama meno ya utotoni.
"Naitwa Dani," nasema. "Hivyo viatu
vitarudi na rangi ya huku."
Wanacheka. Hicho ni kicheko cha kwanza,
kimo ndani ya bei.

Msitu wa Magamba: kinyonga mwenye pembe
amelishika tawi kama mtoto aliyevalishwa soksi mikononi.
Mmoja anapiga yowe, mmoja anapiga picha.
Yule aliyejiandikisha Bi. Lugome, basi, bila jina la kwanza,
anamtazama kinyonga, kinyonga anamtazama
kwa jicho moja. La pili ananitazama mimi.

Kisha mteremko wa karoti na njegere,
vishamba vimetundikwa mlimani kama nguo za kuanika.
Kisha jabali la Irente. Chini kule Mazinde
mkonge umechanwa kwa kitana,
na barabara ya lami ni uzi ulioanguka
mtu akishona, akaona uvivu kuinama.
Hapo huwa nanyamaza dakika tatu.
Ukimya nao nimeupangia muda.

Kituo cha nne, kwenye karatasi:
Kutembelea kaya ya Kisambaa, saa sita hadi saa saba,
chakula kimejumuishwa.
Karatasi haisemi kwamba humo nilizaliwa,
kwamba ule mkwaruzo wa panga kwenye mwimo wa mlango
ni urefu wangu wa darasa la tatu.

Mama anatoka jikoni, moshi umemtangulia.
"Onga mshi!" wageni wanaimba kwa pamoja
kama nilivyowafundisha garini.
Mama anaitikia, anacheka, anatua sufuria ya makande,
kisha kwa sauti ileile ya kukaribisha watu
ananigeukia kwa Kisambaa:

Hoza, mvua ya juzi imelala na mimi kitandani.
Ulisema bati baada ya Pasaka.
Pasaka ipi? Zimepita mbili.
Na hawa unaowaleta kumaliza makande yangu
wanakulipa nini, majani?

"Anasemaje?" kijana wa mikopo.
Anasema karibuni sana.
Anasema mwaka huu mvua ni nzuri.

"Na hiyo 'Hoza' ni nini?"
Ni salamu.

Mama anapakua, mkono hautetemeki:
Baba yako alikunywa boha mpaka akauza mbuzi,
lakini akisema Jumatatu, ilikuwa Jumatatu.

"Na hapo?"
Habari za mababu.

Wanapiga picha paa. "Asili kabisa," wanasema.
Wanapiga picha beseni lililotegwa katikati ya kitanda
na mwingine anauliza, kwa heshima, lina maana gani.
Mungu anisamehe, nilibakiza silabi moja
kusema ni mila.

Bi. Lugome hakupiga picha.
Alikula makande yote, akaomba ya pili,
akaosha sahani mwenyewe huku mama akimfukuza.

Jioni, stendi. Viatu vyekundu, kama nilivyoahidi.
Wananipa mikono, wananipa bahasha,
wananiahidi kuwaambia wenzao.
Yeye akawa wa mwisho kushuka.
Akafunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga tena.
Kisha kwa Kisambaa kilichokaa kabatini miaka mingi,
kinanuka naftalini, kina mikunjo,
lakini cha kwao, cha bibi yake labda,
akaniita kwa jina langu:

"Hoza. Zinahitajika bati ngapi?"

Utingo alikuwa anaita watu wa Mombo.
Nilikuwa na tafsiri ya kila kitu siku ile,
ya kinyonga, ya mkonge, ya ukimya.
Nikatazama viatu vyake.

Ishirini na mbili, nikasema.
Na misumari.