Kandambili

Mashine ilifika Mtambwe Jumatatu
nyuma ya gari ya Wizara, imefunikwa turubai hata uso.
Nimeichomelea mimi, Shaame, karakana ya Wete,
kwa mchoro wa Daktari Thuwaiba wa chuo,
kwa chuma cha Nassor, tajiri wa karafuu,
alotaka jina lake ubavuni, kwa rangi nyekundu.
Bwana Mbarouk wa Wizara alileta fomu.

Wachambuaji tuliwawekea jamvi la nyuma.

Tukamimina kikapu cha kwanza.
Ikacheka kwa meno yake ya chuma,
na huku chini makonyo peke yake, vizuri,
na karafuu peke yake, vizuri,
lakini hazina vichwa.
Karafuu bila kichwa ni msumari uliokatika,
na shirika halinunui misumari.

Daktari akapunguza kasi. Nikalegeza nati.
Nassor akapiga hesabu kwenye simu, akaipiga tena,
jawabu likagoma kubadilika.
Mbarouk akasema labda karafuu ni mbichi mno.
Karafuu huchambuliwa mbichi tangu kwa bibi zetu,
lakini hatukumjibu: yeye ndiye mwenye fomu.

Ndipo Bi Mkasi, toka nyuma:
"Lete mkono, fundi."
Akaniwekea kidole gumba changu juu ya chake,
cheusi kwa utomvu wa misimu arubaini,
laini pale katikati kama tumbo la pweza.
"Umesikia? Mie sikati. Naiviringisha mpaka ichoke.
Chuma chenu hakina nyama."

Akavua kandambili ya mguu wa kulia.

Tukaikata vipande kwa kisu cha samaki,
tukaifunga juu ya meno, waya kwa waya.
Daktari kapiga magoti mchangani na baibui lake,
anaandika, anafuta:
"Na zikiwa zimerowa mvua, Bi Mkasi, unafanyaje?"
Mara yangu ya kwanza kusikia chuo kikiuliza.

Adhana ya magharibi ilitukuta kikapu cha saba,
vichwa vyote vimo.

Hapo tukaanza kugombana.
Fomu ina mstari mmoja: Jina la Mvumbuzi.
Nassor akakohoa. Mimi, nisiseme uongo, nilitoa kalamu.
Bi Mkasi akauliza lake:
"Mie nalipwa kwa pishi. Huyu
akichambua pishi mia, nilipwe nini? Upepo?"

Kimya. Mashine tu inapoa, tik, tik.

Ilichukua mwezi, na vikao vya chai baridi.
Mbarouk akashika rula, akachora mistari mingine
chini ya ule mmoja, hadi ukingo wa karatasi.
Mashine imebaki banda la kina mama;
Nassor hulipa pishi kama zamani, analipa kikundi,
na hununa kama zamani.
Jina lake ubavuni limeanza kubanduka.

Lakini mimi huuona usiku ule wa kwanza:
Bi Mkasi anapanda kilima kwao,
mguu mmoja kap, mguu mmoja kimya,
nasi, msomi, tajiri, fundi, serikali,
tunamtazama kutoka garini.

Ile kandambili, mpaka leo,
haimo kwenye bajeti ya mtu.