Kosa Linalosamehewa

Usiku wa kwanza Bwana Grabowski alitwambia tung'oe
kila mtu unywele wake mmoja.
"Mimi msinitazame," akasema, akijipapasa upara,
"zangu zilikwenda na kiwanda cha treni."
Nje, theluji ya Ziwa Erie ilikuwa ikiyalalia magari.
Wangu ulikuwa wa mvi. Nikaubana kwenye maikromita,
nikazungusha kidogo kidogo hadi ikalia tiki:
sehemu tatu za elfu ya inchi, kasoro kidogo.
Wa Pabitra ulikuwa mnene kuliko wetu sote.
Tavion, wa miaka kumi na tisa, aling'oa kope, machozi yakamtoka.
"Sasa," akasema mwalimu, "upasueni mara tatu kwa urefu.
Kipande kimoja ndiyo nafasi yenu ya kukosea."

Miaka kumi na minane nilipanga biskuti kwenye maboksi.
Biskuti ikivunjika, unaila.
Siku walipofunga geti walitupa keki na barua,
na kwenye barua jina langu lilikuwa Loreta, t moja.
Hakuna aliyelipima.

Hapa kila mchoro una mstari mdogo pembeni
unaosema ni kosa kiasi gani linasamehewa.
Sikuwahi kuona msamaha umeandikwa kwa tarakimu.
Kaka yangu Stan angeniandikia hata moja tu,
ningejua nikae upande gani wa mlango wake.

Mashine ina sifuri yake, imezaliwa nayo,
lakini haijui chuma umekiweka wapi.
Lazima uende polepole,
uguse ubavu wa kushoto, uguse ubavu wa mbele,
uiambie: leo dunia inaanzia hapa.
Pabitra aliandika hilo kwa Kinepali kiganjani.
"Mimi nimehamishwa sifuri mara tatu," akasema,
na hakueleza.

Wiki ya sita nikasahau nukta.
Nilitaka kisu kipande inchi moja kabla ya kuvuka.
Nikaandika moja, tupu,
na mashine, isiyojua kukisia mtu alimaanisha nini,
ikasoma sehemu moja ya elfu kumi.
Ikapanda kiasi ambacho unywele ungekicheka,
kisha ikavuka mbio, moja kwa moja
kwenye taya la jiliwa.

Sauti ile. Nikifunga mlango wa gari bado naisikia.
Maji meupe ya kupoozea yaliendelea kumwagika
kama hayajaona kitu.

Grabowski hakufoka. Alibonyeza kitufe chekundu
(nilipaswa kukibonyeza mimi; mkono ulikuwa mdomoni),
akalifuta taya kwa kitambaa, akanionyesha makovu:
hili la Tavion, juzi tu. Hili la mwanamke
anayeongoza zamu ya usiku sasa huko Meadville.
Hili refu, lililoingia kutu, ni langu mimi,
wewe ukiwa bado unacheza na vidoli.
Akanipa kisu kipya. "Dola thelathini na nane.
Usinilipe. Weka nukta."

Nikaweka nukta. Nikaweka hata pasipohitajika.
Karatasi iliyo kwenye friji yangu inasema
maziwa 2. mayai 12.

Jana kipande changu cha kwanza kilitoka:
alumini, matundu manne, shimo la mraba katikati,
maranda yake yamejikunja sakafuni, bado ya moto.
Nikapima mara tano, pumzi nimeizuia.
Kimezidi, kwa nusu ya kile tulichosamehewa.
"Kimepita," akasema Grabowski,
akakitupia kwenye ndoo pamoja na vya wengine.
Basi.

Mtihani ni Jumanne. Mshahara wa kuanzia, wanasema,
unazidi ule wa biskuti kwa dola mbili na senti.
Kwenye maegesho nilikuwa nasaka funguo mfukoni mwa koti,
theluji ikiniingia shingoni,
kile kisu kilichovunjika, nilichokihifadhi sijui kwa nini,
kikanichoma kidole.
Bado kikali, upande ule
ambao haukuambiwa kilichotokea.