Saa Nne za Ngano

Mundhir, mwana wa dada yangu Asila,
aliniwekea michezo mitatu kwenye simu
kabla hajarudi Maskati.
"Ya bure yote, khalati. Agosti hii utatoka uende wapi?"
Kweli. Ibra saa saba mchana hata paka
hulala chini ya gari, akihamahama na kivuli.
Nikavaa miwani, nikakaa chini ya kiyoyozi,
mwalimu mstaafu wa hesabu,
miaka hamsini na tisa,
nikaanza kucheza.

Wa kwanza ulikuwa wa vita. Nilikufa.
Nikafa tena. Mara ya tatu nilikufa
sijajua bado kitufe cha kukimbilia,
na kijana mmoja, Mungu ajua wa nchi gani,
akanitukana kwa lugha nisiyoijua.
Tusi halihitaji mkalimani.
Nikaufuta.

Wa pili, peremende. Zinapasuka, zinalia ting,
zinaniita bingwa hata nikikosea.
Miaka thelathini darasani sikumsifu mtoto hivyo,
hata Thuraiya aliyepata mia kwa mia
akiwa na homa.
Hatua ya ishirini na saba ikakaza.
Nyundo ya kuivunjia: baisa mia tano.
Ndipo nikaelewa
kwamba zile ishirini na sita nilibebwa mgongoni.

Wa tatu, shamba.
Kibanda, kuku watatu, jembe jipya lisilo na mpini wa kuchubua mtu.
Nikapanda ngano. Ikaandikwa juu yake: saa nne.
Au toa vito kumi na viwili, uvune sasa hivi.
Vito ninavyo sita.

Nikacheka peke yangu.
Baba yangu alikuwa na zamu ya maji kwenye falaji,
nusu saa kila baada ya siku nane.
Ikiangukia usiku alitoka na taa,
akasimama akiitazama nyota
mpaka iguse ukingo wa ukuta wa jirani,
ndipo azibue kile kizibo cha matambara na udongo.
Maji yalikuja kwa saa yake, si kwa haja yetu.
Nami nikaanza kupandwa na hasira ya ualimu:
tazama watu hawa, wanauza hata kungoja!

Hasira ikanikwama kooni.
Nilikumbuka mnada.
Falaji nayo ina zamu zinazonadiwa,
na mwaka ule wa ukame, mitende imejikunja,
baba aliuza bangili ya mama
anunue nusu saa.
Mama alisimama mlangoni, mkono mtupu,
akiusikia mchirizi ukipita chini ya ukuta.
Hakusema neno. Sijui mpaka leo
kama ule ulikuwa ukimya wa radhi.

Basi saa iliuzwa hapa kabla ya simu.
Ila bangili ile ilinywesha mitende,
na tende tulizila.

Siku ya tisa nikachukua karatasi, nikajumlisha:
riyali nne na baisa mia saba.
Ngano magunia mia na arobaini,
haitoshi kuoka hata mkate mmoja.
Nikarudia hesabu kutoka chini kwenda juu,
kama nilivyowafundisha.
Jibu lilikuwa lilelile.

Ijumaa Mundhir akapiga.
"Khalati, hujalipa kitu, sivyo?"
"Nilipe nini? Si ulisema ya bure?"
Kuku wangu wakalia ndani ya simu
nikiwa nimeishika sikioni.
Alinyamaza kidogo, mtoto yule ana adabu,
akaniuliza habari ya magoti.

Usiku huu nimeweka kengele ya saa nane.
Jana ililia, nikavuna gizani, bila miwani,
kisha kwa kuwa nimeshaamka
nikatawadha, nikasali rakaa mbili
za aibu.
Nje, falaji ilikuwa ikipita kwenye shamba la mtu mwingine,
zamu yake.
Nikasikiliza mpaka ikafungwa.
Halafu nikapanda tena.