Daftari la Presha

Asubuhi ya Januari, ziwa Peipsi limeganda,
na mimi, Leida, wa miaka themanini na minane,
najifunga mkanda wa mashine mkononi
kama mtu anayefunga jeraha asiloliona.
Mashine inavuta pumzi, inanibana,
inanguruma, inaniachia.
Juu, mia na hamsini na mbili. Chini, themanini.
Naandika. Kalamu nayo ina baridi,
hadi niipulizie.

Endel alilinunua daftari hili duka la mbegu.
Lina picha ya kitunguu jaladani,
maana huku kwetu hata karatasi hunuka vitunguu.
Kila siku saa moja, kabla ya kahawa:
tarehe, juu, chini, mapigo.
Miaka tisa. Hakuruka hata siku
tuliyomzika dada yake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Goti langu limeingia mwaka wa kumi na moja
na jembe halishiki.
Linakalia kiti kizuri, linadai joto,
linanitangazia theluji ya kesho
kama redio isiyo na kitufe.

Muuguzi Triin huja Alhamisi.
Ananipangia vidonge katika kisanduku cha siku saba:
cheupe cha moyo, cha njano cha mifupa,
nusu ya kile chekundu
(sijui ni cha nini, wala sijamuuliza;
yapo mambo mtu wa umri wangu huwaachia vijana).
"Bibi Leida, siri yako nini?"
Namwambia: vitunguu.
Namwambia: sauna ya Jumamosi.
Namwambia: sikuolewa na mtu mwenye haraka.
Anacheka. Ukweli, sina siri.
Waliokula vitunguu vilevile, vya matuta yaleyale,
Salme, Heino, Vilma na pacha wake,
wamelala nyuma ya kanisa tangu zamani.
Kifo kilipopita mtaani kubisha hodi
labda nilikuwa stoo ya chini
nachagua viazi.

Novemba ya mwaka juzi Endel alianguka kisimani,
ndoo imejaa, haikumwagika.
Daktari wa Tartu akauliza: presha yake ilikuwaje?
Nikamtolea daftari kwa fahari.
Sikuwahi kulifungua; lilikuwa lake, kama wembe wake.
Akasoma. Akarudi nyuma kurasa kumi. Akavua miwani.
"Mama, sikiliza," akasema, akanisomea pambizoni:
*Amelala vizuri.*
*Amekohoa mara nne.*
*Leo amenigombeza tangu alfajiri. Ni mzima.*

Zote zangu.
Kwamba alinipima kila asubuhi, hilo nalijua.
Lakini nikiinuka kwenda jikoni
nilisikia mashine ikinguruma mara ya pili,
nikasema moyoni: zamu yake.
Kumbe iliubana mkono wa kiti.
Alama ipo, nimeipapasa:
kitambaa kimelika, kimebaki pete nyembamba
palipovaliwa mkanda miaka tisa.

Mtu mzima, aliyevuka ziwa na farasi
barafu ikilia chini ya kwato,
akaogopa tarakimu mbili.

Nilikukasirikia, Endel.
Nilikaa siku arobaini sipimi kitu,
nikala chumvi kwa kijiko,
nikavimisha miguu makusudi.
Triin akanitishia hospitali.
Nikaona: nikifa kwa hasira
nitakuwa nimekufa kwa ugonjwa wa mtu mwingine.
Nikarudi kwenye mkanda.

Leo, baada ya zangu, nimekifunga kiti.
Mashine imejitutumua, ikanguruma,
ikatafuta mapigo kwenye mbao na sponji,
ikatafuta sana,
kisha ikaonyesha alama yake ya kushindwa.
Nimeiandika vilevile ilivyo,
tarehe ya leo, safu ya pili,
na pambizoni: *Hajambo. Amenyamaza.*

Nasikia kahawa inafurika.
Goti, twende.